Jina Moja la Ukoo, Vitabu vya Kila Namna: Tuanze na Akina Diop

Msomaji wa Lubumbashi anayechagua vitabu kwa kumfuata mwandishi mmoja anayempenda, au kwa kufuata orodha aliyopewa shuleni, mara nyingi hujikuta anasoma aina moja tu ya maandishi mwaka hadi mwaka. Njia nzuri ya kutoka hapo ni kuchagua jina moja la ukoo na kuwasoma waandishi kadhaa wanaolibeba, hata kama hawana udugu wowote. Jina halibagui fani wala zama, kwa hiyo litakufikisha kwenye vitabu ambavyo usingevigusa kwa hiari yako. Kwa sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa, jina ninalolipendekeza kwanza ni Diop, la Senegal.

Kabla ya kutafuta kitabu chochote, andika orodha ya watu: jina kamili la kila mmoja, mwaka aliozaliwa na aina ya maandishi yake. Hatua hii isirukwe, kwa sababu miongoni mwa akina Diop wamo David wawili. Wa kwanza alizaliwa Bordeaux mwaka 1927, akachapisha diwani ya Coups de pilon mwaka 1956, na akafariki katika ajali ya ndege karibu na Dakar mwaka 1960. Wa pili alizaliwa Paris mwaka 1966, naye ndiye mwandishi wa riwaya ya Frère d'âme, iliyotoka mwaka 2018 na ambayo tafsiri yake ya Kiingereza ilipata tuzo ya International Booker mwaka 2021. Ukinunua kitabu kilichokwisha kutumika kando ya barabara, na jalada limechanika, fungua kurasa za mwanzo utazame mwaka na jina la mchapishaji kabla ya kutoa faranga zako.

Upo pia mtego wa kinyume, na mfano wake uko karibu nasi. Mwandishi na mwanafalsafa Mudimbe, aliyezaliwa Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1941, na ambaye alifundisha katika chuo kikuu cha hapa mjini, anajulikana kwa jina la Valentin-Yves na pia kwa jina la Vumbi Yoka, alilolichukua wakati utawala wa Mobutu ulipowataka raia waache majina ya Kikristo. Herufi V. Y. zilibaki zilezile. Anayepekua katalogi bila kujua hayo anaweza kudhani kwamba ni watu wawili.

Orodha ikishakamilika, anza na Birago Diop, kwa kuwa hadithi zake ni fupi na kila moja inamalizika kwa jioni moja. Alikuwa daktari wa mifugo, na katika Les Contes d'Amadou Koumba, kitabu cha mwaka 1947, anamtaja mzee msimulizi kuwa ndiye mwenye hadithi. Soma kwa makini ile iitwayo « Sarzan ». Sajenti mmoja anarudi kijijini baada ya miaka ya jeshi, anataka kuwastaarabisha watu wake kwa nguvu, anadharau mila za wazee, kisha akili inamruka. Na maneno yanayomtoka kinywani wakati huo ni shairi linalosema kwamba waliokufa hawajaondoka. Shairi hilo hilo utalikuta tena likisimama peke yake katika diwani yake ya Leurres et lueurs ya mwaka 1960. Lisome mahali pote pawili, uone uzito wake unavyobadilika linapotoka kinywani mwa mtu aliyepotewa na akili.

Ukitoka hapo, nenda moja kwa moja kwenye Frère d'âme, hata kama miaka haifuatani. Huko nako yupo askari wa Kiafrika wa jeshi la Ufaransa, katika vita vya kwanza vya dunia, ambaye akili yake inavurugika. Sisi ambao babu zetu walitumika katika Force publique, jeshi la Kongo ya wakoloni wa Kibelgiji, tuna sababu ya kuwasoma askari hawa wawili kwa ukaribu. Na katika riwaya hiyo jina lenyewe la Diop ni sehemu ya kisa: Alfa Ndiaye anamtania rafiki yake Mademba Diop kwamba mnyama wa ukoo wao ni tausi tu, wakati wa akina Ndiaye ni simba. Mademba, akitaka kuonyesha ushujaa, anatangulia kukimbia kutoka handakini, na anauawa. Anayejua utani wa koo kwa koo ataelewa mara moja kwa nini Alfa hajisamehi.

Nations nègres et culture ya Cheikh Anta Diop, ya mwaka 1954, ni kitabu kizito cha historia. Si lazima ukisome chote kwa mfululizo. Sehemu zinazoihusu Misri ya kale zinatosha kwa kuanzia. Boubacar Boris Diop, kwa upande wake, alikwenda Rwanda mwaka 1998 pamoja na waandishi wengine wa Afrika, na mwaka 2000 akatoa Murambi, le livre des ossements. Msomaji aliyeguswa na mauaji ya kimbari ya huko ya mwaka 1994 akichukue siku ambayo moyo wake umetulia. Mwandishi huyo huyo aliandika Doomi Golo kwa Kiwolofu mwaka 2003, jambo linalostahili kufikiriwa na kila mmoja wetu anayeandika Kiswahili.

Kuhusu kuvipata, ulizia kwanza Halle de l'Étoile, kituo cha utamaduni wa Kifaransa cha hapa Lubumbashi, na maktaba za chuo kikuu, UNILU, kisha mgawane ununuzi na wenzako.

Duru ya pili iwe ya Kiswahili. Wazanzibari wawili, Mohamed Suleiman Mohamed, mwandishi wa Kiu (1972), na Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Utengano (1980), hupangwa chini ya jina moja katika katalogi, ingawa kwa desturi ya kwao jina la mwisho kwa kawaida ni la baba au babu wala si la ukoo. Anza na Kiu, kisha uende kwenye Utengano, na katika vyote viwili umfuatilie msichana, Bahati na Maimuna, uandike katika daftari ni nani aliyemwamulia maisha yake.