Kabla Hujamwita Fundi wa Kadi za Alamu: Mambo ya Kuzingatia

Kadi haina macho. Ukiigusisha kwenye kisoma kadi, kinachopita ni namba tu. Kama ameishika mhasibu mwenyewe au ameiokota mtu kwenye kiti cha daladala, mlango haujui na wala haujali. Ndiyo maana nikiitwa kwenye ofisi, duka au nyumba ya kupangisha inayotaka kuachana na namba za siri na kuingia kwenye kadi na tagi (kadi ndogo ya kutundika kwenye funguo), huwa siulizi kwanza matundu yatachimbwa wapi. Naomba daftari.

Hili nilijifunza kwa jasho. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja ya Dar es Salaam kufuta kadi ya mfanyakazi aliyeondoka kwa ugomvi. Kazi ya dakika 2. Nilipofungua kumbukumbu za paneli, yaani kifaa kikuu cha alamu, nikakuta watumiaji 43, wote wamebatizwa na fundi aliyenitangulia: Kadi 1, Kadi 2, Kadi 3, hivyo hivyo hadi mwisho. Dada wa mapokezi hakuwa na orodha, meneja alidhani orodha iko kwa fundi, na fundi alishabadilisha namba ya simu. Tukafuta zote 43 na kuanza upya, watu wamepanga foleni koridoni asubuhi mbili mfululizo.

Basi daftari liwe tayari kabla kadi hazijanunuliwa. Jina la mtu, kazi yake, namba iliyochapwa kwenye kadi, nafasi (namba ya mtumiaji) atakayokaa ndani ya paneli, tarehe aliyokabidhiwa, sahihi yake, na safu moja tupu ya siku atakayoirudisha. Kwenye namba kuna mtego. Kadi nyingi nyembamba za bei nafuu zimechapwa namba mbili, kwa mfano 0001234567 na pembeni yake 018,54919. Wengi hudhani ni vitu viwili tofauti, kumbe ni namba ile ile imeandikwa kwa mitindo miwili: zidisha 18 kwa 65,536, ongeza 54,919, utapata 1,234,567. Mfumo mmoja utakuonyesha ya kwanza, mwingine ya pili. Andika zote mbili. Fundi akisema kadi inasoma lakini namba haifanani, mara nyingi kadi ni nzima. Ni mtindo wa kuandika tu.

Kabla ya kuagiza, jua unaagiza kadi ya aina gani, kwa sababu zote ni nyeupe na zote zinafanana. Zipo za masafa ya redio ya kilohezi 125 na zipo za megahezi 13.56, na kisoma kadi cha aina moja hakitaiona kabisa kadi ya aina nyingine. Kama una simu yenye NFC, yaani uwezo wa kusoma kadi kwa kuigusa, iguse kadi kwa mgongo wa simu: ikiitikia, hiyo ni ya megahezi 13.56, ikinyamaza, kuna uwezekano mkubwa ni ya 125. Nimeona watu wakinunua tagi 100 kwa mkupuo na kuishia kuzigawa kama mapambo ya funguo. Chukua mbili, zijaribu kwenye kisoma kadi chako, ndipo uagize zilizobaki pamoja na chache za akiba. Na kama visoma kadi ni vya kampuni ile ile iliyotengeneza alamu, uliza kama vinakubali tagi za nje, maana baadhi hukubali za kwao tu.

Usalama wake pia hautofautiani kwa rangi. Kadi za kawaida za kilohezi 125 hazina siri yoyote. Kisoma kadi chochote kikizisogelea zinataja namba yake, na vifaa vya kuzinakili vinauzwa mtandaoni bila kificho. MIFARE Classic, aina maarufu ya kadi za megahezi 13.56, ilionekana imara hadi siri ya usimbaji wake ilipofumuliwa. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud huko Nijmegen, Uholanzi, walionyesha hadharani namna inavyovunjwa. Ndugu yake MIFARE DESFire ni imara zaidi, lakini hapa wauzaji hunyamaza kidogo: kama kisoma kadi chako kinasoma tu namba ya utambulisho ambayo kadi humtajia yeyote, bila kufungua sehemu iliyofungwa kwa siri, umelipia kufuli la benki ukalifunga kwa uzi. Muulize fundi swali hilo moja kwa moja, na asipolielewa, hilo nalo ni jibu.

Geti la nje la nyumba yenye askari linaweza kuishi na kadi ya kilohezi 125. Stoo ya dawa haiwezi.

Tagi isichanganywe na rimoti yenye vitufe. Tagi haina betri na husomwa kwa karibu, sentimita chache. Rimoti ina betri, hufanya kazi kutoka kwenye gari, na hubonyezwa kwa bahati mbaya ndani ya mkoba. Ukizitaka zote mbili, ziwe na nafasi tofauti daftarini.

Sasa njoo kwenye uamuzi ambao watu wengi huuruka. Kufungua mlango ni jambo moja, kuzima alamu ni jambo jingine. Paneli nyingi zinaweza kupangwa kadi moja ifanye yote mawili, na mwenye duka hupenda hivyo kwa sababu ni rahisi. Ubaya wake ni kwamba aliyeokota kadi amepata mlango pamoja na ukimya wa king'ora. Mimi hupendelea kadi ifungue mlango na namba ya siri izime alamu. Mtu anaingia, kipedi, kile kibao cha vitufe ukutani, kinaanza kulia polepole, ana sekunde 30 au 45 za kubonyeza namba. Hesabu hizo sekunde kwa miguu: chukua simu, weka saa, tembea kutoka mlangoni hadi kwenye kipedi ukiwa umebeba mzigo mkono mmoja. Mama wa usafi anayeingia na ndoo asipofika kwa wakati, utaamshwa kila siku saa 12 asubuhi hadi uchoke, na ukichoka utaacha alamu bila kuwashwa.

Halafu kuna saa. Mifumo inaruhusu kadi ifanye kazi kwa muda fulani tu, na hapa Kiswahili chetu hutuponza. Meneja anaandika kwenye karatasi "saa 2 hadi saa 11", fundi anaingiza 02:00 hadi 11:00, na kesho yake kadi za ofisi nzima zinakataa baada ya saa 5 asubuhi. Cheka, lakini imetokea. Ratiba ya kadi iandikwe 08:00–17:00, bila neno asubuhi wala jioni. Sikukuu nazo zina tabu yake: Krismasi utaiweka mwaka mzima kabla, ila Idi inategemea mwezi kuandama, na paneli haitazami mwezi. Panga mapema nani atakayeibadilisha usiku wa tangazo. Na betri ya akiba ikifa kisha umeme ukakatika, baadhi ya paneli husahau tarehe. Kadi zikikataa ghafla baada ya mgao wa umeme, angalia saa kabla ya kulaumu kadi.

Tukiwa kwenye umeme, hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo kazi za harakaharaka zinapoumbuka. Kufuli la sumaku la kilo 280, lile linaloonekana kwenye milango mingi ya vioo, hula takribani nusu ampea kwa volti 12, saa 24, kwa kuwa linashika kwa umeme. Betri ya ampea-saa 7 kwa hesabu ya karatasi italishika saa 14. Kwa betri iliyokaa miaka 3 kwenye boksi la chuma lenye joto la Dar au Mombasa, toa zaidi ya nusu. Milango ikiwa miwili, gawanya tena. Kwa hiyo kufuli lipewe chanzo chake cha umeme na betri yake. Fundi akitaka kulining'iniza kwenye umeme wa paneli ya alamu ili kuokoa gharama, mkatalie, maana umeme ukikatika kufuli litainyonya betri ya alamu, na usiku huo huo ndio wezi wanaoutaka.

Jua pia kufuli lako linafanya nini umeme ukiisha kabisa. La sumaku huachia. Mlango unabaki wazi. Baadhi ya vitasa vya umeme hufanya kinyume, hubaki vimefungwa. La kwanza linafaa njia ya kutokea watu, na mlango wake uwe na kufuli la kawaida la usiku. La pili linafaa stoo, mradi kwa ndani mtu aweze kutoka kwa kuzungusha mkono tu. Na mahali popote palipo na kufuli la sumaku, dai vitu viwili upande wa ndani: kitufe cha kutokea, na kile kiboksi cha kijani cha dharura kinachokata umeme wa kufuli moja kwa moja. Moja kwa moja maana yake waya wa kufuli unapita humo, haupitii kwenye kifaa chenye akili. Moto ukishaunguza kifaa, kitufe kinachokitegemea hakitafungua kitu. Sijali mteja analalamikaje kuhusu bei, mlango bila hicho kiboksi sikabidhi.

Kingine cha ukutani: vile visoma kadi vya bei ndogo vyenye kila kitu ndani yake, pamoja na swichi ya kufungua kufuli. Vikifungwa nje ya mlango, mtu mwenye bisibisi anavua uso, anagusanisha waya mbili, anaingia. Bila kadi. Nje kiwepo kisoma kadi tu, na kifaa kinachoamua kikae ndani. Seti hizo mara nyingi huja na kadi mama mbili, moja ya kuongeza watumiaji na moja ya kufuta. Nimezikuta kwenye droo ya mapokezi pamoja na stepla. Mahali pake ni kwenye sefu.

Kabla ya kulipa sehemu ya mwisho ya fedha, pokea namba ya siri ya fundi na namba ya siri kuu ya paneli, zote zikiwa zimebadilishwa kutoka zile za kiwandani. 1234 inajulikana na kila aliyewahi kusoma kijitabu cha maelekezo. Andika, weka kwenye bahasha, funga, weka sefuni na funguo za kawaida za milango.

Kampuni ya ulinzi inayopokea taarifa za alamu yako nayo ipewe orodha ya nafasi: wakiona mtumiaji wa nafasi ya 17 amezima alamu saa 8 usiku, wawe na jina la kupigia simu. Askari wa zamu ni suala gumu kidogo, kwa sababu kadi moja hupita mikononi mwa watu watatu. Iwe kadi ya lindo, ifungue geti tu, isizime chochote, na makabidhiano yaandikwe kwenye kitabu cha matukio kila zamu. Na ukumbuke kwamba orodha ya nani kaingia saa ngapi ni taarifa binafsi za watu. Kenya ina sheria yake ya ulinzi wa data ya 2019, Tanzania ina ya 2022. Waambie wafanyakazi kinachorekodiwa na nani anakiona. Mtu asikutane na saa zake za kuingia kwenye kikao cha nidhamu bila kujua zilikuwa zinaandikwa.

Siku ya kusajili isiwe Ijumaa jioni. Anza na kadi 5, si 43. Jaribu kila moja kwenye kila mlango, pamoja na mlango ambao haitakiwi kuufungua. Zima swichi kuu ya jengo, subiri, jaribu tena. Bonyeza kiboksi cha kijani. Futa kadi moja, kisha uhakikishe kweli imekataa.

Halafu fanya jaribio ambalo halimo kwenye kijitabu chochote. Jumamosi saa 4 usiku mpigie simu mtu uliyemchagua kuwa msimamizi wa kadi, umwambie fulani kapoteza tagi yake baa. Usimwambie ni jaribio. Tazama saa: inamchukua dakika ngapi kufungua daftari, kuona nafasi na kuifuta? Akisema tusubiri Jumatatu, hujawa tayari kugawa kadi.