Kabla hujafunga stata yenye nguvu kwenye gari la zamani

Gari la zamani likianza kuzungusha kivivu asubuhi, wengi hapa Tabora wanakimbilia kununua stata kubwa zaidi, ile mota ya umeme inayozungusha injini mpaka iwake. Ngoja kwanza.

Pima betri. Iliyojaa, gari likiwa limezimwa, husoma volti 12.6 hivi. Mtu apige stata huku unatazama mita ya volti; ikishuka chini ya 9.6, anza na betri.

Hakikisha volti. Land Cruiser nyingine za dizeli hutumia stata ya volti 24, nyingine 12, na kuona betri mbili si ushahidi. Soma kibandiko cha stata yenyewe.

Nenda dukani na stata ya zamani mkononi. Hesabu meno ya gia, linganisha matundu ya bolti na upande inakozungukia. Zile ndogo zenye gia ndani ni nzuri, nyepesi na hazili umeme sana, lakini flaiwili, lile gurudumu zito la injini linalozungushwa na stata, ikiwa imelika meno hazitakusaidia.

Sasa waya wa ethi, yaani wa kurudisha umeme kwenye hasi ya betri, na hapa nisikilize. Jirani yetu ana pikapu ya siku nyingi, hubeba asali kutoka Sikonge. Alinunua stata mpya, ikafungwa chini ya mwembe, akawasha: kak! Kimya. Fundi akasema stata mbovu, muuza spea akasema fundi ndiye mbovu. Jamaa akang'ang'ania ufunguo, moshi ukafumka. Haukutoka kwenye stata, ulitoka kwenye kebo ya pedeli ya mafuta! Plastiki yake inayeyuka, inadondoka matone meusi, na pedeli imekwama. Alipoitwa mzee mmoja fundi umeme, stata hata hakuigusa. Alipenyeza mkono ubavuni mwa injini akatoka na ule waya wa msuko unaounga injini na chasisi: umeota kutu ya kijani, umebaki nyuzi chache. Stata hula mamia ya ampea, na umeme huo lazima urudi betri. Ukikosa njia yake hupita popote chuma kinapogusa chuma, hata kwenye kebo nyembamba ya mafuta. Bei ya waya ule ukiiweka kando ya bei ya stata, utacheka kwa uchungu.

Kwa hiyo badilisha waya zote mbili, chanya na ethi, nene za gari, siyo za kuunga nyumba. Piga msasa pale zinapokaa mpaka chuma king'ae. Kisha weka mita kati ya hasi ya betri na mwili wa injini wakati wa kupiga stata; ikizidi nusu volti, ethi bado mgonjwa.

Kufungua waya za betri, anza na hasi. Kufunga, hasi iwe ya mwisho. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Usipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Siku ya kwanza zunguka mjini, safari ya Mpanda isubiri, maana ukizima kwenye pori la kule mbele ya Ipole utatafuta wa kukusukuma mpaka jioni. Na stata ya zamani usimwachie fundi: kaboni (vile vipande vinavyopitisha umeme ndani yake) na bushi mpya mara nyingi huirudisha kazini.