Mzunguko wa malisho na nafaka kutoka Australia: ufanyeje ukubali Dodoma

Wakuu, nimeulizwa hili mara nyingi mno. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Australia Kusini, baada ya ngano au shayiri shamba linapumzika kwa mediki, mikunde inayojiotea. Mbegu yake ina ganda gumu, hivyo nyingi hulala ardhini msimu mzima wa nafaka, kisha huchipua. Usiagize mediki. Inataka mvua za baridi. Sisi mvua yetu inakuja na joto, Desemba hadi Aprili. Kinachohamishika ni utaratibu.

1. Tafuta mikunde ya joto inayomwaga mbegu yenyewe. Natumia stailo.

2. Panda mvua zikishika. Mbegu ifunikwe kidogo tu.

3. Mifugo isiingie mpaka mbegu zimwagike.

4. Mwaka wa mtama au uwele. Hapa niliharibu. Nilikodi trekta la plau ya sahani, likageuza udongo zaidi ya shibiri. Mtama ulistawi. Msimu uliofuata nikangoja stailo: mche mmoja hapa, mwingine kule. Mbegu zilikuwa zimezikwa. Ndivyo ilivyotokea Libya na Algeria, mediki ya Australia ilipopelekwa huko miaka ya 1970: plau zilizika mbegu, kondoo wakala maua kabla hayajazaa. Na mediki asili yake ni pwani hizohizo za Mediterania! Kwatua juu juu, sentimita tano hivi. Dereva akikwambia kina ndiyo mavuno, simama naye shambani, pima mwenyewe.

MASWALI

— Mkuu, mbegu za mediki bei gani?

Soma aya ya pili.

— Mbona wengine wanalima kina na wanavuna?

Wanavuna mtama. Mimi nazungumzia malisho ya mwaka unaofuata. Hayo ni mambo mawili.

— Niko Manyoni, ekari nne. Bafeli haiwezi kushika nafasi ya stailo?

Swali zuri, ndugu yangu. Bafeli ni nyasi, hairutubishi udongo kama mikunde, na ikishika kuing'oa ni kazi. Itengee kipande cha kudumu. Inatupenda: Biloela, bafeli maarufu ya Australia, ilitokana na mbegu za hapa Dodoma.

— Nilipanda bafeli mara tu baada ya kuvuna mbegu, haikuota.

Mbegu mpya ya bafeli inalala. Iweke pakavu miezi sita au zaidi, ndipo upande.

— Mimi trekta limeshapita, kina kirefu. Nifanyeje?

Pole sana. Vuna nafaka yako, kisha panda stailo upya. Usilime tena kina kutafuta zile za chini, utazika na hizi.