Kupanda Ol Doinyo Lengai na kupiga kambi Ziwa Natron wakati wa joto kali

Kando ya Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, joto la Januari na Februari linaweza kupita nyuzi 40 za Selsiasi mchana. Ziwa liko chini kabisa kwenye Bonde la Ufa, kama mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, na mlima wenyewe, volkano ya Ol Doinyo Lengai, unapanda hadi mita 2,962 bila kisima, bila kijito na bila mti wa maana wa kujificha chini yake. Juni hadi Septemba ni miezi ya nafuu. Kama likizo yako inaangukia miezi ya joto kali, mlima unapandika, ila panga safari kwa kufuata saa za jua. Wanaoumia Lengai mara nyingi huumia wakishuka: jua limeshapanda, na maji yameishia kileleni.

Ratiba ndiyo kinga ya kwanza

Ondoka kambini saa tano usiku, anza kupanda saa sita. Kupanda huchukua saa tano hadi saba, hivyo mtu wa mwendo wa wastani anafika ukingoni mwa kreta, shimo la volkano lililo kileleni, karibu na mapambazuko. Kushuka ni saa tatu hadi tano, na si rahisi kama watu wanavyodhani, kwa sababu mteremko ni mkali na majivu yaliyogandamana yanateleza kama changarawe juu ya saruji.

Kabla hamjaondoka, kubalianeni na kiongozi wenu saa ya kugeuka. Iwe saa moja asubuhi, popote mlipo. Aliyebakiza nusu saa kufika kileleni atalalamika, lakini nusu saa hiyo ni saa nzima ya ziada ukihesabu na kurudi, na saa hiyo mtailipa juani. Lengo ni kuwa chini ya mlima kabla ya saa tano asubuhi. Panda na kiongozi wa Engare Sero, kijiji cha kando ya ziwa, anayeijua njia. Usiku njia haionekani, na ukingo wa kreta si mahali pa kukisia: volkano hii iko hai, mlipuko mkubwa wa 2007 na 2008 uliubadilisha kabisa uso wa kilele, na kingo zinaweza kubomoka. Waulize wenyeji hali ya mlima wiki ile ile mnayokwenda.

Hesabu ya maji

Usiku, ukipanda taratibu, kunywa kama nusu lita kwa saa. Ukishuka juani, robo tatu ya lita hadi lita moja. Saa sita za kupanda na nne za kushuka zinakupeleka lita sita hadi saba. Beba lita sita mgongoni, acha mbili kwenye gari chini ya mlima. Wazito wa jasho waongeze lita moja.

Gawanya maji hayo tangu kambini, kwa chupa. Lita tatu za kupandia ziwe karibu na mkono, za kushukia zifungwe chini ya begi na zisiguswe kabla ya kugeuka. Unaweza pia kuacha chupa ya lita moja njiani unapopanda, chini ya mawe, mahali ambapo kiongozi atapakumbuka. Inapunguza mzigo na inakungoja wakati unapoihitaji zaidi. Chupa tupu urudi nayo.

Maji matupu hayatoshi. Jasho linatoka na chumvi, na mtu anayemimina maji mengi bila chumvi kwa saa nyingi anaweza kuishiwa chumvi mwilini: kichwa kinauma, anatapika, anachanganyikiwa, na wenzake wanazidi kumnywesha wakidhani ni kiu. Changanya pakiti mbili za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) kwa safari nzima ya mlima, kila pakiti kwa lita moja ya maji. Kama huna, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Usizidishe chumvi. Tafuna pia karanga za chumvi, chapati, ndizi au kiazi kitamu cha kuchemsha kila saa, hata kama hamu hakuna. Chokoleti itayeyuka na nyama itaharibika, viache nyumbani.

Maji ya kambini yana hesabu yake. Weka lita nane kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia. Watu wanne kwa siku mbili na nusu ni lita 80, yaani madumu manne ya lita 20, na dumu la tano liwe la gari. Jaza yote kabla hujaingia barabara ya vumbi, kwa mfano katika mji wa Mto wa Mbu. Maji ya ziwa ni magadi matupu, hayanyweki, na yanachoma kidonda. Hata maji matamu ya ukanda huu mara nyingi yana floridi nyingi, na hapa wengi wanakosea: kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki ile ile, kwa hiyo inazidi kukolea. Dawa ya klorini nayo inaua vijidudu tu. Maji ya mtoni yawe ya kuoga na kufulia tu. Ganda la barafu ni msaada mkubwa: gandisha chupa mbili tatu za lita moja na nusu mjini, zifunge ndani ya blanketi, zitapoza chakula siku ya kwanza na kunyweka siku ya pili.

Mwili uzoee kabla

Mtu wa Njombe au Arusha akishuka Natron bila maandalizi, moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa. Mwili unahitaji siku 7 hadi 14 kujifunza kutoa jasho mapema na kutunza chumvi. Wiki mbili kabla, tembea mchana wa jua dakika 30, ongeza kidogo kidogo hadi saa moja na nusu, na siku za mwisho beba begi lenye maji. Mkazi wa Tanga au Dar es Salaam ameshazoea joto, yeye afanye mazoezi ya ngazi, kwa sababu miinuko ya zaidi ya mita 1,500 kwa usiku mmoja itamvunja mapaja. Wenye ugonjwa wa moyo, wajawazito, na wanaotumia dawa za kuongeza mkojo wamwone daktari kwanza. Aliyeharisha juzi asipande.

Nguo na viatu

Vaa shati la mikono mirefu lisilobana na suruali ndefu. Pamba inafaa kambini mchana, lakini usiache pamba iliyolowa jasho ikufikishe kileleni: upepo wa alfajiri kule juu unatetemesha. Beba shati kavu na koti jepesi la upepo. Kofia iwe ya pama, yenye ukingo pande zote, maana kapelo inaacha masikio na shingo. Lava ya Lengai hutoka nyeusi na kugeuka nyeupe ikikutana na unyevu, hivyo mlima unakurudishia jua kutoka chini. Paka mafuta ya kujikinga na jua chini ya kidevu na puani pia, na urudie kila saa mbili.

Viatu viwe vya soli ngumu, nusu saizi zaidi, na viwe vimeshatembea walau siku kumi miguuni mwako. Kata kucha siku mbili kabla, la sivyo zitavia damu wakati wa kushuka. Glavu ngumu zinahitajika, kwa kuwa utashika mawe yanayokwaruza kama msasa. Ongeza miwani, fimbo mbili, tochi ya kichwani na betri za akiba. Lensi za machoni zibaki kambini, majivu ya mlima ni makali.

Kambi

Usipige hema ndani ya korongo kavu, hata kama mchanga wake unavutia. Mvua ikinyesha nyanda za juu usiyoiona, maji yanakuja usiku. Mlango uelekee upepo mdogo, na vigingi vya kawaida havishiki kwenye majivu: funga kamba kwenye mawe, au jaza mifuko mchanga uizike futi moja. Tandika turubai juu ya hema ukiacha nafasi ya hewa. Chini ya migunga kagua miiba kabla ya kutandaza godoro la upepo. Chandarua ni lazima, na viatu vikung'utwe kila asubuhi kwa sababu ya nge. Mitungi ya gesi isiachwe ndani ya gari juani.

Mtu akizidiwa

Kizunguzungu, kichefuchefu, jasho jingi na ngozi baridi: mpumzishe kivulini, mlegeze nguo, mpe ORS kwa mafundo madogo. Asipopata nafuu ndani ya nusu saa, safari yake imeisha.

Akianza kuongea ovyo, kuyumba au kupoteza fahamu huku mwili unawaka, hicho ni kiharusi cha joto, hata kama bado anatoka jasho. Usimnyweshe kitu. Usimpe panadol, haisaidii homa ya namna hii. Mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima, mfunike kwa shuka iliyolowa na mpepee bila kuacha, hasa shingoni, makwapani na kwenye mapaja. Hospitali iko saa kadhaa kwa gari, kwa hiyo anzeni kumpoza pale pale alipoanguka, na mwendelee kumpoza njia nzima. Tumieni hata maji ya kunywa.