Kupima vitamini C ya juisi kwa iodini ya duka la dawa

Mwaka 1747 James Lind, daktari wa meli ya Kiingereza HMS Salisbury, aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, wawili wawili. Waliopewa machungwa mawili na limau moja kila siku walipata nafuu haraka kuliko wote. Siku ya sita mmoja wao alikuwa tayari kurudi kazini. Lakini baadaye Lind alishauri juisi ipashwe moto kwa saa nyingi mpaka iwe nzito, ili idumu melini, na moto huo ukaondoa sehemu kubwa ya kitu kilichoponya. Hakuwa na namna ya kuupima upotevu huo. Sisi tunayo, na vifaa vyake vingi viko jikoni.

Vitamini C, yaani asidi askobiki, hutoa elektroni upesi. Iodini huzipokea na kugeuka iodaidi isiyo na rangi: molekuli moja kwa molekuli moja. Vitamini ikiisha, iodini inayozidi inashika wanga na kuleta rangi ya buluu iliyoiva. Tabia hiyohiyo ya kutoa elektroni ndiyo inayohitajika mwilini. Vimeng'enya vinavyokomaza kolajeni, protini inayoushikilia mwili pamoja, hufanya kazi kwa chuma, na vitamini C ndiyo inayokirudisha chuma hicho katika hali yake ya kufanya kazi. Ikikosekana, kolajeni inalegea, fizi zinavuja damu, hata makovu ya zamani hufunguka.

Nunua tinkcha ya iodini (iodini iliyoyeyushwa katika alkoholi) ya asilimia 2, kidonge cha vitamini C kilichoandikwa miligramu zake, na bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano. Maji yawe ya kuchemshwa na kupoa, kwa sababu klorini ya bombani nayo hula vitamini C. Tenga glasi ambazo hazitatumika tena kunywea, na usionje kilichotiwa iodini.

Wanga: koroga nusu kijiko cha chai cha unga wa muhogo au wanga wa mahindi katika maji baridi mililita 100, chemsha dakika moja, acha utuame. Utatumia maji ya juu tu, siku hiyohiyo.

Iodini: chukua tinkcha mililita 10, ongeza maji mpaka ujazo wote ufike mililita 150. Hifadhi kwenye chupa nyeusi yenye kifuniko, maana iodini hupotea hewani.

Kipimo cha kulinganishia: ponda kidonge cha miligramu 200, kikoroge katika maji, ujaze mpaka mililita 200. Kila mililita sasa ina miligramu 1. Kama kidonge ni cha 500, jaza mpaka mililita 500. Usikilaze, kesho namba yake itakuwa imeshuka.

Hatua hii ya kulinganisha usiiruke, hata kama una haraka. Nguvu ya tinkcha hutofautiana chupa hadi chupa, na kosa lake litaingia katika kila jibu. Weka mililita 5 za maji ya kidonge kwenye glasi, ongeza maji mililita 20 na matone 20 ya wanga. Weka karatasi nyeupe chini. Dondosha iodini huku ukizungusha glasi. Mwanzoni kila tone linaacha wingu la buluu linalotoweka mara moja. Kisha wingu linachelewa kuondoka. Hapo punguza kasi, tone kwa tone. Simama buluu inapodumu sekunde 20. Rudia mara tatu, uchukue wastani.

Tuseme umetumia mililita 5.4. Miligramu 5 gawanya kwa 5.4 ni 0.93: hiyo ndiyo vitamini C inayomalizwa na kila mililita ya iodini yako. Sasa weka juisi ya chungwa mililita 10 iliyochujwa kwa kitambaa, pamoja na maji na wanga kama mwanzo. Ikitumia iodini mililita 5, ina miligramu 4.6, yaani 46 kwa kila mililita 100. Pera lina nyingi zaidi: saga gramu 20, jaza maji mpaka mililita 100, chuja, pima mililita 10, ambazo zinabeba gramu 2 za pera.

Juisi ikiwa ya moto, buluu haionekani vizuri na utapitiliza, ipoze kwanza. Juisi ya rosela rangi yake inaficha mwisho. Juisi ya dukani yenye salfaiti, kemikali ya kuzuia kuharibika (E220 hadi E228 kwenye lebo), hudanganya kwenda juu, kwa kuwa salfaiti nayo humeza iodini. Tena njia hii huhesabu asidi askobiki peke yake: iliyokwisha kupoteza elektroni haionekani, ingawa mwili bado unaweza kuirudisha.

Ukishazoea, gawa juisi moja mafungu matatu: moja kwenye friji, moja uichemshe dakika 20 na kurudishia maji yaliyopungua, moja iwekwe wazi na waya safi wa shaba usiku kucha. Shaba huharakisha oksijeni kuiharibu vitamini C. Katika miaka ya 1860 jeshi la majini la Uingereza lilihamia kwenye juisi ya ndimu za Karibiani, ambayo ilikuwa na vitamini C kidogo kuliko ya malimau, na ilipoteza zaidi kwa kukaa hewani na kupita kwenye mabomba ya shaba. Msafara wa jeshi hilo chini ya nahodha George Nares kuelekea Ncha ya Kaskazini, 1875 hadi 1876, ulipigwa na kiseyeye ukiwa na juisi hiyo. Fungu la waya limwage baada ya kupima.

Doa la iodini kidoleni au mezani lipake maji ya kidonge yaliyobaki, linafutika palepale.