Namna ya kuandaa chemsha bongo ya kalenda na vitu vya nyumbani, mpaka wapishi waache sufuria waje kusikiliza

Nimeandaa chemsha bongo kwenye harusi za ndugu, kwenye Idd, Krismasi na sherehe za mwisho wa mwaka za kazini, hapa Dar, kwa miaka kadhaa. Nilianza vibaya. Nilikuwa nauliza mji mkuu wa Mongolia na mto mrefu kuliko yote Asia. Wawili watatu waliosoma sana walijibu, waliobaki wakarudi kwenye simu zao. Kisha siku moja, maswali yakiwa yameniishia, nikauliza: "Kwa nini wiki ya Mswahili ina tano mbili?" Ukumbi mzima ukaanza kuhesabu kwa vidole.

Tangu hapo nina sharti moja: jibu liwe kitu ambacho msikilizaji amekitamka, amekila au amekipita leo leo, ila hajawahi kusimama akakitazama. Unahitaji kalenda ya ukutani, kamusi ya Kiswahili, daftari na jioni mbili hivi.

Hatua ya 1: Anzia mdomoni

Chukua maneno unayoyasema bila kufikiri, uyavunje. Siku za wiki ndiyo mfano wangu wa kwanza kila mara. Jumamosi ina "mosi" ndani yake, yaani ya kwanza. Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu, Jumanne, Jumatano. Baada ya tano ungetegemea Jumasita, lakini inakuja Alhamisi, neno la Kiarabu lenye maana ya "ya tano". Kwa hiyo tunamaliza siku ya tano, kesho yake tunaanza ya tano nyingine, na ya sita haipo kabisa.

Sababu ni kwamba hesabu mbili zimekutana katika wiki moja. Waarabu huanza kuhesabu Jumapili, ndipo Alhamisi inakuwa ya tano. Sisi tulianza kuhesabu kesho yake baada ya Ijumaa, siku ya kukusanyika msikitini, ndipo Jumatano ikawa ya tano. Tukachukua majina yao mawili, Alhamisi na Ijumaa, matano ya mwanzo tukayatengeneza wenyewe. Muulize mtu swali hili aliyekunja mikono kifuani. Mikono itafunguka yenyewe, maana bila vidole halihesabiki.

Kwenye namba pia kuna mavuno. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu, nane ni ya Kibantu. Kwa hiyo Mtanzania anayetoka Saba Saba kwenda Nane Nane amevuka kutoka Kiarabu kwenda Kibantu ndani ya mwezi na siku moja. Za Kibantu zilizosukumwa pembeni hazikufa zote. "Kenda" ilikuwa tisa, na bado imo ndani ya jina Mijikenda, miji tisa. Na kwenye harusi usikose hili: "Fungate ni siku ngapi?" Bwana harusi atasema wiki mbili kwa sababu ndizo alizoomba likizo. Fungate ni saba. Ni neno la zamani la saba, likabaki kwa wanandoa peke yao. Shangazi wa bibi harusi huwa wanalijua, na huwa hawalijibu kimya kimya.

Hatua ya 2: Shusha kalenda ukutani

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, na ndipo ninapopata maswali ambayo watu hawajayasikia kwingine. Usitafute sikukuu moja moja. Tafuta umbali kati ya sikukuu na sikukuu.

Fanya hivi na kalenda ya mwaka wowote. Tazama Oktoba 14, Nyerere Day, uandike ni siku gani. Sasa tazama Desemba 9, Siku ya Uhuru. Ni siku ile ile. Chukua kalenda ya mwaka jana, itakuwa vile vile. Mwalimu alifariki Alhamisi mwaka 1999, na Desemba 9 ya mwaka huo ikawa Alhamisi. Hesabu mwenyewe: baada ya tarehe 14 Oktoba inabakiza siku 17, ongeza 30 za Novemba, ongeza 9 za Desemba. Ni 56, wiki nane kamili, hakuna siku inayobaki.

Baada ya kuliona hilo nilikaa na kalenda hadi usiku. Karume Day, Aprili 7, na Saba Saba zimeachana wiki 13 kamili. Mei Mosi na Krismasi, wiki 34: ukiona Mei Mosi imeliwa na Jumapili, basi Krismasi nayo imeliwa, usingoje Desemba kulalamika. Nane Nane na Boxing Day, wiki 20. Na kama mna wageni kutoka Kenya, waambie Jamhuri Day yao ya Desemba 12 daima huangukia siku moja na Nane Nane yetu, maana zimeachana wiki 18. Muungano peke yake, Aprili 26, sikuupatia mwenzake kati ya sikukuu za tarehe maalumu zinazokuja baada ya Februari.

Februari ndiyo mpaka. Mwaka wenye tarehe 29 unasogeza kila kinachofuata kwa siku moja, lakini vyote vinasogea pamoja, kwa hiyo jozi hizi hazivunjiki. Mapinduzi, Januari 12, iko upande wa pili wa mpaka huo, hivyo usiiingize.

Sikukuu za mwezi mwandamo zina tabia tofauti. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma siku kumi hadi kumi na mbili kila mwaka. Swali linalotoka hapo: "Je, mwaka mmoja wa kalenda hii ya ukutani unaweza kuwa na Idd el-Fitr mbili?" Wengi hukataa kwa sauti kubwa. Mwaka 2000 ilikuwa Januari, ikarudi Desemba. Na mwaka 2030 Ramadhani inatarajiwa kuanza Januari na tena Desemba.

Majina ya miezi nayo usiyaache. Septemba kwa Kilatini imetoka kwenye saba, Oktoba nane, Novemba tisa, Desemba kumi. Kalenda ya kale ya Warumi ilianzia Machi, ndiyo maana hesabu imepishana kwa miezi miwili hadi leo.

Hatua ya 3: Pita sokoni na kapu tupu

Nenda bila orodha, simama mbele ya kila meza, jiulize: hiki ni nini hasa, na kimetoka wapi?

Mahindi. Jina linaelekeza India, lakini zao limetoka Amerika. Weka pembeni yake bata mzinga, ambaye naye asili yake ni Amerika. Waingereza humwita kwa jina la nchi ya Uturuki. Waturuki wenyewe humwita "hindi", wakimpeleka India. Wareno humwita "peru". Kila mtu anamsingizia jirani. Swali hili nalipenda kwa sababu mtu akishalielewa hawezi kununua unga wa sembe bila kucheka.

Mgomba si mti. Ukipata kipande cha shina lake, kikate mbele ya watu: utaona magamba yaliyokumbatiana kama kitunguu, hakuna ubao ndani. Ni mashina ya majani yaliyofungana. Karafuu ni ua lililochumwa kabla halijachanua. Korosho hukua nje ya bibo, inaning'inia chini kama imesahauliwa. Na wakati wa jioni, kwenye meza ya pweza, uliza wanaokunywa supu: "Huyu alikuwa na mioyo mingapi?" Mitatu, miwili ya kusukuma damu kwenye mashavu ya kupumulia, mmoja wa mwili. Na damu yake ni ya buluu, kwa sababu inabeba hewa kwa shaba badala ya chuma.

Hatua ya 4: Pima hadithi kwa miaka

Jambo likiwa tamu kupita kiasi, litilie shaka. Tumelelewa na hadithi kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake, Kaizari Wilhelm, Mlima Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, ndiyo maana mpaka wetu na Kenya umepinda pale. Nililiuliza hili mara mbili kabla sijalihakiki, na watu walinipigia makofi.

Weka miaka sambamba. Waingereza na Wajerumani walikubaliana kugawana eneo hilo mwaka 1886. Wilhelm akawa Kaizari mwaka 1888. Mlima ulikuwa upande wa Wajerumani kabla yeye hajakalia kiti. Sasa silitupi swali hilo, naligeuza: "Kwa nini hadithi ya zawadi ya Kilimanjaro haiwezekani?" Linafanya kazi vizuri zaidi kuliko uongo wenyewe.

Hatua ya 5: Ziba mianya

Hapa nimewahi kuaibika. Kwenye harusi moja niliuliza vita vya Zanzibar vya Agosti 27, 1896 vilichukua dakika ngapi, na kadi yangu iliandikwa 38. Mzee mmoja wa upande wa bibi harusi akasimama. "Kijana, mimi nimesoma 45." Mwingine akasema 40. Nikasimama na maiki yangu, MC akaanza kupiga muziki kunifunika.

Wote walikuwa na haki, vitabu vinatofautiana. Swali langu ndilo lililokuwa bovu. Leo nauliza: "Taja vita vilivyopiganwa hapa kwetu ambavyo vilikwisha kabla ya saa moja kupita." Kila kitabu kinakubali jibu hilo.

Basi pitia kila swali ukitafuta mzee wa kusimama. Kama jibu ni namba inayobishaniwa, uliza kingine. Kama linabadilika, mfano idadi ya mikoa, andika mwaka ndani ya swali. Na saa iandike kwa ukamilifu. "Saa moja" bila asubuhi au usiku ni ugomvi unaosubiri.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Maswali 15 yanatosha. Gawa watu kwa meza, usimsimamishe mtu mmoja peke yake, hasa baba mkwe. Anza na siku za wiki ili kila mtu apate mdomo, peleka jozi za sikukuu katikati ukiwa na kalenda mkononi, maana watataka kuona.

La mwisho halihitaji kadi. Kama ukumbi una watu wasiopungua 50, sema kwa kujiamini kwamba wawili kati yao wamezaliwa tarehe moja ya mwezi mmoja. Watabisha, wakisema mwaka una siku 365. Lakini hupimi mtu mmoja dhidi ya mwaka, unapima kila mtu dhidi ya kila mtu. Watu 23 tu hufanya jozi 253, na hapo uwezekano umeshapita nusu. Wakifika 50 ni asilimia 97. (Wazee walioandikiwa Januari 1 kwa sababu hakuna aliyekumbuka tarehe uwaombe wasishiriki, watakuharibia utamu.)

Taja miezi mmoja mmoja, waliozaliwa mwezi huo wapaze tarehe zao kwa zamu. Andaa zawadi tatu za swali hili. Washindi huja wawili wawili, na mara moja nimeona wakija watatu, doti za khanga zikiwa mbili.