Somo: Jinsi ya kupata picha za satelaiti za tarehe unayotaka, bure

Wakuu, watu wengi wakitaka kucheki shamba au kiwanja wanakimbilia Google Earth halafu wanaanza kubishana mbona nyumba ya jirani haionekani, kumbe picha yenyewe ni ya miaka kadhaa nyuma na imeungwa vipande vya tarehe tofauti. Ukitaka kujua nini kimebadilika na lini, nenda Sentinel-2. Hizi ni satelaiti za Ulaya, ya kwanza ilirushwa 2015, ya pili 2017, zikiwa mbili zinapiga eneo lilelile kila baada ya siku 5 na picha hazilipiwi hata mia. Tutumie mfano wa Bwawa la Nyerere kule Rufiji, maana pale hata mgeni wa haya mambo anaona tofauti.

1. Gugo Copernicus Browser, tovuti yenye picha hizo, ingia. Kuangalia tu hawakudai akaunti ila fungua, ni bure, utaihitaji kwenye kudaunlodi. Tumia lapitopu, kwa simu inafunguka lakini utateseka.

2. Tafuta Stiegler's Gorge, ndo jina la zamani la pale lilipo Bwawa la Nyerere. Ikigoma fuata mto Rufiji kwa mkono kutoka baharini kupanda juu mpaka ukutane na bwawa.

3. Chagua Sentinel-2 L2A, hiyo imesharekebishwa ule weupe unaoletwa na hewa. L1C, ile ambayo haijarekebishwa, achana nayo kwa sasa.

4. Tarehe, hapa ndo wengi wanakwama. Shusha kiwango cha mawingu mpaka asilimia 20 hivi, ila ujue hiyo asilimia ni ya kipande kizima cha kama kilomita 110 kila upande, kwa hiyo unaweza kuandikiwa asilimia 5 na hiyo 5 yote imekaa juu ya shamba lako! Masika usijisumbue, tafuta kiangazi, Juni mpaka Septemba. Fungua ya Agosti 2022 utaona mto tu na michanga yake. Kisha Agosti 2024, ziwa hilo. Maji walianza kuyajaza Desemba 2022.

5. Weka False Color, yaani rangi za bandia. Mimea inakuwa myekundu, maji yanakuwa meusi, usishtuke ukadhani pori linaungua. Kwa wakulima kuna NDVI, kipimo cha ukijani wa mimea, kijani kikikolea ujue mimea imestawi.

6. Ongeza picha zote mbili kwenye sehemu ya kulinganisha, vuta ule mstari wa katikati kushoto kulia. Basi.

MASWALI

Mkuu nina kiwanja 20 kwa 20 Kigamboni, naweza kuona kama jirani kasogeza bikoni?

Hapana mkuu. Pikseli moja, yaani kile kidoti kidogo kabisa cha picha, ni mita 10 kwa 10, kiwanja chako chote ni pikseli kama nne, bikoni hata haionekani. Hiyo ni kazi ya mpima ardhi.

Sasa mbona Google inaonyesha mpaka gari limepaki?

Zile zinatoka kwa kampuni za biashara zenye satelaiti za kuona mpaka sentimita 30, na miji mingine wanapiga kwa ndege. Ukitaka ya tarehe yako unalipia.

Naweza kuangalia laivu? Kuna mtu kaniambia ana app.

Kakudanganya huyo. Sentinel-2 inapita mara moja, kwetu ni kama saa nne na nusu asubuhi, inapiga inaondoka zake.

Huku kwetu Bukoba mawingu mwaka mzima, tufanyeje?

Jaribu Sentinel-1, ile ni rada, mawingu na usiku haviisumbui. Picha yake ni nyeusi na nyeupe na mwanzoni itakuchanganya, lakini kwa mafuriko iko vizuri sana, maji yaliyotulia yanatoka meusi tii.

Nahitaji ya miaka ya 90, kuna kesi ya msitu wa kijiji.

Hapo Sentinel haikusaidii, tafuta Landsat, satelaiti za Wamarekani, wanapiga tangu 1972 na za miaka ya 90 ni mita 30. Ingia tovuti ya EarthExplorer, ni bure pia. Msitu mkubwa utauona ulipoishia, ila kama mnagombania ukanda wa mita kumi, hiyo picha usiipeleke barazani.